Nimechapa kalenda 300 za picha zangu za Tanga, nimeuza 59. Wadau, nimekosea wapi?

#1 PichaZaMwambao (mleta uzi), Jumatatu 2 Februari 2026

Wakuu salaam. Naandika huku nimekalia maboksi manne ya kalenda. Nipo chumbani, maana sebuleni mama watoto ameshayakataa.

Kazi yangu ni kupiga picha, zaidi harusi, ila siku ambazo sina kazi nazunguka na kamera humuhumu Tanga. Mwaka jana nikaona picha zinaozea kwenye diski, ngoja nitoe kalenda ya 2026. Kurasa 13 za A3, yaani jalada na miezi 12, karatasi nzito ya kung'aa, waya juu na kining'inio chake. Nikachapisha Dar nakala 300, jumla 2,250,000 pamoja na nauli ya mzigo. Kwa hiyo moja imenisimamia 7,500. Nauza 15,000.

Ndani kuna mnara wa saa, mapango ya Amboni, mama muuza samaki pale Deep Sea, Ngamiani siku ya mvua, machungwa ya Muheza, shamba la mkonge, makaburi ya Tongoni, mashua, stesheni ya reli, Mkwakwani siku ya mechi, kisiwa cha Toten, na Desemba nimefunga na machweo baharini, Raskazone.

Leo mwezi mmoja umeshakatika. Zimebaki 241, thelathini kati ya hizo ziko madukani kwa mali kauli. Kila anayezishika anasema "mashallah, picha kali", anairudisha mezani, anaondoka. Msinionee huruma, semeni.

#2 Mgosi12

Mgosi, kwetu kalenda hainunuliwi, inagawiwa. Hapa nilipokaa naziona tano: ya benki, ya duka la vifaa vya ujenzi, ya msikiti, ya mgombea na ya wauza magodoro. Ya sita nitundike wapi, mgongoni?

#3 Bint Pangani

#2 hiyo si sababu. Kanga nazo tunagawiwa, kwenye kampeni, kwenye misiba, na bado tunanunua jozi kwa pesa hiyohiyo kwa ajili ya jina lililoandikwa. Mtu hanunui kanga kwa kukosa cha kujifunga. Kaka, kalenda yako ina jina gani? Maana hapo juu umetaja picha 12 ambazo mgeni wa siku mbili angezipiga. Mtu wa Chumbageni anapita mnara wa saa kila siku bure.

#4 Mchapaji Mstaafu

Nimekaa kwenye mashine miaka mingi, niruhusuni niseme kirefu kidogo.

Mwanangu, kosa lako liko kwenye ile 300. Kwa mashine kubwa ya pleti, yaani mabamba ya kuchapia, A3 mbili zinakaa kwenye karatasi moja. Kurasa zako 13 ni mikupuo saba, na kila mkupuo unataka pleti nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Hizo ni pleti 28. Ukichapa 100 unalipa pleti 28, ukichapa 2,000 unalipa pleti 28 zilezile. Ongeza karatasi zinazoharibika kila mkupuo mpaka rangi ikae sawa. Mashine ya dijitali haina pleti, nakala ya kwanza na ya hamsini bei karibu moja. Wewe ukaenda ukasimama katikati ya mto: nyingi kwa dijitali, chache kwa pleti. Ungeanza na 50, ukaziona zinavyotembea.

La pili. Mikupuo saba ni nafasi 14, wewe umetumia 13. Nusu ya mkupuo wa saba umeilipia ikatoka nyeupe wakaikata wakaitupa. Ukurasa wa 14 ulikuwa wako na ungekugharimu karatasi na wino tu.

La tatu, mzigo ulikufikia lini?

#5 PichaZaMwambao

Mzee shikamoo. Hilo la ukurasa wa 14 limeniuma kuliko yote, hakuna aliyeniambia.

Mzigo ulifika 29 Desemba. Nilipeleka faili mwanzoni mwa Oktoba, nikaambiwa mashine zote zimeshikwa na mabango ya uchaguzi. Halafu Novemba ikapita kila siku "kesho". Jina la kiwanda sisemi, tumeshapatana.

#6 Mchapaji Mstaafu

Marahaba. Basi hapo umejijibu. Kalenda ni kama mbuzi wa Idd: siku moja kabla ana bei, siku moja baada ni mbuzi tu. Mwenye kuuza anakuwa nayo mkononi Oktoba, Novemba anasambaza, 20 Desemba anahesabu pesa. Faili linatakiwa kiwandani Agosti.

#7 Chungwa Chachu

Nimecheka mpaka nimemwaga uji. "Machweo baharini, Raskazone." Mkuu, Tanga bahari iko mashariki! Jua la kwetu linatoka baharini linazama Muheza, nalipokea mimi mwenyewe kila jioni. Hiyo picha umeipiga Tanga au umeitoa mtandaoni? Labda ndiyo maana watu hawanunui, wameshtuka.

#8 Mbaazi na Mahamri

😂😂 Kazi ipo.

#9 PichaZaMwambao

#7 Raskazone ni rasi, kama jina linavyosema. Upande mmoja ni bahari kuu, upande wa pili ni ghuba ya bandari. Ukikaa upande wa ghuba umeelekea magharibi, na jua linazama juu ya maji na mikoko ng'ambo ile. Njoo jioni moja nikuonyeshe, beba machungwa.

#10 Mgosi12

Kweli kabisa, nimeoga pale tangu utotoni. Watu wa Muheza wakiona maji wanachanganyikiwa.

#11 Kijumbe

Mimi nilinunua, ni mmoja wa wale 59. Nimeitoa ukutani wiki ya pili.

Sababu ni kwamba mimi ndiye mwenye mchezo wa kina mama 20, na kalenda yangu ndiyo daftari. Nani kapokea, nani kalipa nusu, siku ya kliniki ya mjukuu, siku nilipofungua mtungi wa gesi. Yako kaka, picha imekula ukurasa mzima, tarehe umezibana chini kama foleni ya kantini. Hakuna kijisanduku cha kuandika jina la mtu. Na karatasi inang'aa, kalamu ya Bic inateleza, ukilazimisha wino unakaa juu unapaka kidole. Nimerudi kwenye ile ya duka la vifaa vya ujenzi. Ina picha ya kiroba cha simenti lakini inaandikika.

#12 Mchapaji Mstaafu

#11 dada umesema neno. Jalada liache ling'ae, miezi ungeiweka kwenye karatasi ya mati, ile isiyong'aa. Picha inapoa kidogo lakini kalamu inashika, na mtu akiitundika mbele ya dirisha haoni taa badala ya picha.

#13 Ustadh Makorora

Assalaam alaykum. Ndugu zangu mnazunguka tu. Huu ni mji wa pwani. Kalenda isiyo na mwezi wa Kiislamu ni nusu kalenda. Leo tuko katikati ya Shaabani, mfungo unaingia wiki mbili na ushei zijazo, na mimi nikitazama kalenda yako sioni Ramadhani, sioni Mfunguo Mosi, naona miezi ya Kizungu tupu. Huo ukurasa wa 14 ulikuwa wa ratiba ya kufuturu na imsaki, basi. Zingeisha mlangoni pa msikiti kabla hujashusha boksi la pili.

#14 Kimanumanu Damu

Ustadh yuko sahihi lakini sababu yenyewe ni Oktoba. Nimeifungua dukani, nikafika Oktoba, nikakuta picha ya Mkwakwani: bendera za Coastal, mashabiki wa Coastal, ngoma ya Coastal. African Sports hatumo hata kwa bahati mbaya. Kaka, mji huu una timu mbili. Umekata nusu ya wateja kwa ukurasa mmoja.

#15 Mgosi12

Nusu? Nyie mnajaa kwenye kipanya kimoja na nafasi ya kondakta inabaki. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, walichukua ubingwa wa ligi 1988, picha ilitakiwa iwe miezi yote 12.

#16 Kimanumanu Damu

1988 😂 wewe ulikuwa umezaliwa? Hiyo nayo ni kalenda ya zamani.

#17 Bint Pangani

Wanaume mpira pelekeni jukwaa lake. #13 Ustadh, nyumbani kwetu marehemu bibi alikuwa hajui Juni wala Julai. Ukimuuliza umezaliwa lini anakwambia Mfunguo Tano, mwezi wa Maulidi, mwaka wa nzige.

#18 Ustadh Makorora

Allah amrehemu. Ila Maulidi ni Mfunguo Sita. Mfunguo Mosi ndiyo Shawwal, ile tunayofungulia, Mfunguo Tatu ni mwezi wa hija, Mfunguo Nne ni Muharram, Tano ni Safar, Sita ndiyo Rabiul Awwal. Ama bibi alizaliwa Mfunguo Sita, ama hakuzaliwa kwenye Maulidi.

#19 Bint Pangani

Basi mie ndiye nimechanganya, shukran. Bibi hakuwa mtu wa kukosea.

#20 Jarife

Nyote mnaongea ya nchi kavu. Mimi mvuvi, mwezi nautazama juu, siyo ukutani, lakini ukutani nataka kalenda inikumbushe. Usiku wa kuamkia leo umejaa, maji bamvua, yaani yanajaa sana na kupwa sana, kupwa kwake unatembea mpaka kwenye miamba. Wiki ijayo mwezi nusu, maji mafu, hata dau halisumbuki. Kalenda ingekuwa na alama ndogo tu ya mwezi mwandamo, mpevu na nusu mbili, Deep Sea nzima ingenunua, na Kigombe, na Moa huko. Wanawake wa pweza na chaza pia wanaenda kwa bamvua. Ukurasa wa 14 ni wetu.

#21 Ustadh Makorora

Kaka Jarife, ukiweka mwezi wa Kiislamu hiyo bamvua umeshaijua: tarehe moja na tarehe 15. Ukurasa unatosha wote.

#22 Jarife

Sawa Ustadhi, ila maji yanachelewa. Bamvua lenyewe hasa ni siku moja au mbili baada ya mwezi kujaa. Ukienda na tarehe ya kitabu utafika pwani miamba bado ina maji.

#23 Mwalimu wa Zamu

Nimesoma wote. Niongeze mawili kama mteja aliyeghairi.

Kwanza, 7 Aprili hukuipaka rangi. Ni Siku ya Karume, sikukuu ya taifa. Na mwaka huu ina utamu wake: Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Pasaka 5, Jumatatu ya Pasaka 6, halafu Karume Jumanne 7. Siku tano mfululizo! Watumishi wote wa umma wanaitafuta hiyo kwenye kalenda kama dhahabu, wewe umewaficha moja. Aliyeiona kasoro hiyo haamini tarehe nyingine zote.

Pili, wiki yako inaanza Jumapili. Wengine wanataka Jumatatu.

#24 Chungwa Chachu

Ianze Jumamosi kama jina linavyosema. Mosi ni mosi. Mzungu ametuibia hata siku ya kuanzia wiki.

#25 Mwalimu wa Zamu

#24 kilugha huna kosa, Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi. Lakini wanafunzi wangu wakiona hivyo watakuja shule Jumamosi na kulala Jumatatu.

#26 PichaZaMwambao

Karume nimeisahau mimi mwenyewe, si dizaina. Nilinakili sikukuu kutoka simu. Naona aibu.

Kwa kuwa mzee wa mashine yupo, naomba niulize. Bahari ya Agosti kwenye kompyuta ni buluu ya kuita, kwenye karatasi imetoka kama maji ya kufulia jinzi. Na Amboni imekuwa giza tupu, popo hawaonekani, kuta hazionekani. Hapa ni mimi au ni wao?

#27 Mchapaji Mstaafu

Ni wewe, ila usijilaumu sana, kosa la kila mtu. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, kinachanganya nyekundu, kijani na buluu ya mwanga. Karatasi haina mwanga wake, inaazima wa chumbani, na wino ni zile rangi nne. Buluu kali na kijani kibichi cha kioo hakimo kabisa ndani ya wino, kikigeuzwa kinapooza. Ndiyo maana unageuza faili mwenyewe mapema ukaone itakavyopooza, ukarekebisha, usingoje mashine ikuamulie.

Ya Amboni: mwangaza wa kioo chako ulikuwa juu kabisa, sivyo? Ukapunguza picha mpaka ikapendeza macho. Karatasi ikapokea giza. Picha ya kuchapwa iinue mwanga kidogo kuliko unavyopenda. Na siku zote dai nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile, uitazame dirishani mchana. Ukitumiwa picha ya nakala kwa simu hujaona kitu.

#28 Mbaazi na Mahamri

Mie naona mlingoti wa mashua ya Agosti umekatwa kichwa. Nimehesabu, tanga halina ncha. Kalenda ya Tanga isiyo na tanga.

#29 PichaZaMwambao

Umeniumbua. Kamera yangu inapiga tatu kwa mbili, A3 ni fupi zaidi kidogo, dizaina akakata pande zote. Halafu kisu cha kiwanda nacho kikala milimita tatu.

#30 Dodoma Kavu

Nipo mbali lakini nina swali. Mimi picha zangu ni za simu, megapikseli 12. Nimeambiwa A3 inataka 300 kwa inchi, yaani pikseli 4961 kwa 3508, simu haifai. Kweli?

#31 Mchapaji Mstaafu

Hesabu ni sahihi, hukumu si sahihi. Simu yako inatoa 4000 kwa 3000. Ukiigawa kwenye urefu wa A3, inchi 16 na nusu, unapata kama 240 kwa inchi. Kalenda inatazamwa kutoka kitandani, haitazamwi kwa miwani ya fundi saa. 240 inatosha na inabaki. Kinachoua ni kumtumia dizaina kwa WhatsApp kama picha: inashuka mpaka pikseli 1600 hivi, hapo umebaki na 97 kwa inchi, sura zinakuwa uji. Tuma kama dokumenti, au peleka flashi kwa miguu.

#32 Hoja Binafsi

Nimengoja mtu aulize, hakuna. Huyo mama muuza samaki wa Machi, anajua yumo?

#33 PichaZaMwambao

Mkuu umegonga kidonda. Hakujua. Nilimpiga mwaka juzi, akacheka, tukaachana. Januari mtu akamwonyesha. Ijumaa iliyopita kanijia dukani na kisu cha samaki mkononi (alitoka kazini, si kwa ubaya, natumaini) akasema: "Mwanangu, mimi nimekuwa mwezi wa tatu bila kuambiwa?" Nimempa nakala tano na kumwomba radhi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amezichukua.

#34 Hoja Binafsi

Nyakati nyingine kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda wewe: picha ni kazi yako, mwenye mgahawa hawezi kuichanganua akaichapa kwenye menyu yake. Haikupi sura ya mtu. Upande wake sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kumpa hoja. Kwenye biashara, pata ridhaa ya maandishi, mistari miwili, sahihi au dole gumba. Na ile ya Toten kutoka juu, kama ni droni ulikuwa na kibali cha mamlaka ya anga?

#35 PichaZaMwambao

Hiyo si droni, ni zumu nikiwa kwenye ghorofa la rafiki. Alhamdulillah.

#36 Kijumbe

Ya sheria ni sawa, ila yule mama alichotaka ni kuulizwa. Ungemuuliza angekwambia subiri nikavae kanga nzuri.

#37 Mgosi12

Huyo mama ndiye ukurasa wa 14. Nimemaliza.

#38 Chungwa Chachu

Ukurasa wa 14 weka silikanti, samaki aliyegunduliwa hapa kwetu Tanga, dunia nzima inamjua.

#39 Mwalimu wa Zamu

#38 aligunduliwa Afrika Kusini, 1938, karibu na mji wa East London. Huku kwetu ameanza kuonekana 2003, na wa kwanza alinaswa Songo Mnara, Kilwa. Tanga ikafuata, na wakanaswa wengi, kwenye nyavu za jarife za kina kirefu. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaja 2009.

#40 Jarife

Nimesikia jina langu linatajwa. Sikuwamo.

#41 Mtang'ata Asili

Salaam. Sisi huku Tongoni tuna picha ya Julai, ahsante, ila umeandika tu "makaburi ya kale". Ungeandika na msikiti. Na kwa kuwa mnagombania ukurasa, babu yangu alikuwa na kalenda isiyo na karatasi. Alihesabu miongo, siku kumikumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ile Nairuzi ambayo Makunduchi wanaiita Mwaka Kogwa. Miongo 36 na siku tano za kumalizia, 365. Mwongo wa ngapi kusi linashika, mwongo wa ngapi unapanda, yote kichwani. Hana siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo polepole mwaka wake unateleza ukilinganisha na wa ukutani. Akiulizwa akasema ni wa ukutani ndio unaoteleza.

#42 Bint Pangani

Hilo ndilo JINA nililokuwa nalisema #3. Kalenda yenye Mfunguo, bamvua na miongo haiwezi kutolewa na mtu wa Dar wala benki. Hapo nalipa 15,000 na chenji usirudishe.

#43 Mgosi12

Dada, hiyo si kalenda tena, hiyo ni dawa ya mganga. Picha zitakaa wapi?

#44 Dodoma Kavu

Wakuu mimi nimeangalia: siku za 2026 zinalingana kabisa na za 2015, na zitarudi 2037. Mleta uzi ziweke kiporo miaka 11.

#45 Mwalimu wa Zamu

Nimejaribu kukukosoa nimeshindwa. Nikadhani Pasaka itakuangusha, nayo ni 5 Aprili 2015, 5 Aprili 2026 na 5 Aprili 2037. Sijui nicheke au nisali.

#46 Ustadh Makorora

Idd haikai kiporo. Mwaka 2015 Idd el Fitr ilikuwa Julai, mwaka huu ni Machi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kila mwaka unarudi nyuma. Kwa hiyo kalenda yake, kwa vile haina Idd wala Ramadhani, ndiyo pekee mjini itakayofaa 2037 bila marekebisho. Nakuonea gere.

#47 Mchapaji Mstaafu

Tuache utani. Mwanangu, chapa karatasi ndogo ya ratiba ya mfungo, rangi moja, stesheneri yoyote hapo Ngamiani, gundi nyuma ya jalada. Karume itie rangi kwa stika nyekundu. Bei shusha iwe 10,000, bado una 2,500. Usikae na karatasi, karatasi haizeeki vizuri pwani, unyevu unaikunja.

#48 Kijumbe

Asiposhusha bei pia sawa. Akishusha, sisi tuliotoa 15,000 tutasemaje?

#49 Mwalimu wa Zamu

Mtajalidia madaftari. Kila Januari darasani naona mawaziri, benki na magodoro kwenye majalada. Mwakani nikiona Tongoni nitajua nyumba ya nani.

#50 PichaZaMwambao, Ijumaa 20 Februari

Narudi na hesabu. Ustadhi amenipa ratiba, nikaigandisha kwenye 100 kwanza. Ijumaa mbili, nje ya msikiti, zimetoka 38 kwa 10,000. Kwa hiyo Ustadhi kashinda. Lakini kati ya hao 38, sita wameniuliza kwanza Machi iko wapi.

Maana yule mama ametundika moja mezani kwake Deep Sea, ameifungua Machi tangu mwanzoni mwa mwezi huu na hageuzi. Wateja wanamuuliza, anawaambia "ni mimi huyo, mwenye duka ana nyingine". Juzi kachukua 12 kwa mali kauli, jana kaniletea pesa zote, kakata yake bila kuniuliza. Sikusema kitu.

Na jamaa mmoja kanunua nne kwa bei ya zamani akasema picha ya Oktoba ndiyo imemvuta. Hizo nne dukani sijaziingiza kwenye hesabu, mwenye duka bado hajanilipa. Kwa hiyo ukitoa na tano za mama, nimebaki na 186, kwa daftari langu.

#51 Kimanumanu Damu

Muongo huyo jamaa.

#52 Mgosi12

Ni mimi. Mbili nimempelekea baba mkwe, ni mtu wa African Sports 😂

#53 Bint Pangani

Kaka, mama wa Machi mwezi ukiisha itakuwaje? Atageuza Aprili?

#54 PichaZaMwambao

Nilimuuliza. Aprili ni Ngamiani siku ya mvua, watu na miamvuli barabara ya saba. Akaitazama sana akasema, "Huyu mwenye mwavuli mwekundu namjua. Umemuuliza?"

#55 Hoja Binafsi

Umemuuliza?